Umri wa Shanga za Korlekie

Mzee Padi Nomoda alikuwa na kioo cha kukuzia alichokivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na mji mzima wa Odumase ulikiheshimu kioo kile kuliko hata mwenyewe. Ukimwekea ushanga kiganjani, hakusema kitu kwanza. Aliupeleka kwenye mwanga, akaugeuza, akaugonga kidogo kwenye jino, akanyamaza tena mpaka wewe mwenye ushanga unaanza kujikuna shingo kama mgonjwa anayesubiri daktari aseme. Kisha akashusha kioo, akavuta pumzi, akatamka umri.

Ujuzi alikuwa nao, tusimwonee. Kabla hajaenda Tema kufanya kazi kwenye maghala ya bandari, alilelewa na shangazi yake aliyeuza shanga sokoni Agomanya, na yule mama alimfundisha bila huruma. Alijua kwamba ushanga wa koli wa kweli ni buluu ukiuangalia na ni manjano ukiuinua juani. Alijua mapovu yaliyomo ndani ya kioo cha ushanga yanasema kama ulivutwa ukiwa moto au ulizungushwa kijitini, na kwamba ukiona mstari mwembamba ubavuni, hiyo ni kazi ya mashine, usisumbuke. Ulaghai pia aliujua: shanga mpya huchemshwa kwenye mafuta ya mawese, husuguliwa kwa mchanga, huzikwa kwenye udongo mwenye mbolea mpaka ziwe na sura ya kikongwe.

Lakini kuna jambo shangazi hakumfundisha, akajifunza mwenyewe aliporudi nyumbani na kiinua mgongo na friji. Mzee mmoja wa kanisa alimletea shanga za marehemu bibi yake. Padi akazitazama, akamweleza ukweli kwamba zilitengenezwa viwandani kwa Wacheki miaka ileile aliyozaliwa yeye mzee wa kanisa. Yule mzee hakumsalimia tena mpaka Pasaka. Wiki iliyofuata mama mmoja alimletea za namna hiyohiyo, na Padi, ambaye siku ile alikuwa amechoka na watu, akasema ni za kale mno. Jioni akaletewa jogoo.

Tangu hapo umri wa shanga pale mtaani ulianza kupanda kwa vyeo. Za mkulima zilikuwa na miaka mia. Za mwalimu mkuu, mia mbili. Mke wa Mchungaji Angmor alifikishwa mia tatu, akatoka akitembea polepole kama aliyebeba mayai. Na Nene Kpabitey, mkuu wa mtaa, alipovuliwa zake za manjano mbele ya watu ili zisomwe, Padi alinyamaza muda mrefu kuliko kawaida, akatikisa kichwa, akasema, "Mia tano, Nene. Na hapo nimejizuia."

Zilizokuwa na heshima kama hizo ni zake mwenyewe tu: mkufu wa shanga kubwa ziitwazo bodom, za manjano zenye mstari wa kijani, aliorithi kwa babu yake, Nomoda Mkubwa. Wakati wa sikukuu ya mavuno alijifunga kitambaa chake, bega moja wazi, mkufu ukining'inia mpaka kitovuni, na yeyote aliyeuliza aliambiwa kwamba babu alikuwa mtunza shanga wa ukoo wa kichifu enzi tulipokuwa bado tunakaa Mlimani, kabla Waingereza hawajatushusha.

Shida yake kubwa duniani ilikuwa moshi.

Chini kidogo ya nyumba yake, mtelemko unapoanza kuelekea kijito, alikaa Korlekie, mjane mwoka mikate. Mikate yake ilikuwa mitamu, hilo hata Padi alikubali, kwa kuwa aliila kila asubuhi. Moshi wa tanuri lake ndio aliougombea. Sasa Korlekie alitaka kujenga tanuri la pili, kubwa, tena mpakani kabisa, chini ya dirisha la chumba cha Padi.

"Korlekie, unataka kunikausha kama samaki?" Padi alimwuliza juu ya ua.

"Samaki mwenyewe umeshakauka, Mzee Padi. Mimi nitakuongezea rangi tu."

"Nakuheshimu kwa sababu ya marehemu."

"Marehemu alikuwa anasema huyu jirani yetu analalamika hata mvua ikimnyeshea mwenzake. Funga dirisha."

"Hii ardhi ni ya mababu zangu. Ninyi baba yenu alikuja hapa na gunia la chumvi kichwani kutoka Ada, akaomba mahali pa kukaa!"

Hilo ndilo lilikuwa tusi lake la akiba. Ukoo wa Korlekie uliitwa watu wa chumvi, na kwenye mikutano walikaa benchi la nyuma, hata wakiwahi kufika. Korlekie aliinama akaendelea kupima shimo la msingi kwa kijiti.

Mvua kubwa ilinyesha usiku ule. Asubuhi Korlekie alikuja kwa Padi, safari hii kwa mlango wa mbele, na kifuniko cha sufuria mkononi. Juu yake palikuwa na shanga zimejaa tope.

"Zimetokea kwenye shimo langu," alisema. "Mvua imeziosha zikalala juu ya udongo. Nyingine zipo kando ya njia. Nimesema, tuna mtaalamu hapa, kwa nini nikae nazo?"

Padi aliziosha kwenye bakuli. Zilikuwa nyekundu, ndogo, na kila moja ilikuwa na moyo mweupe tundu linapopita. Alizijua papo hapo kama mtu anavyojua sauti ya mkewe. Ni za Venisi, Italia. Zaidi ya miaka mia moja. Zilikuja pwani kwenye mapipa, watu wakazinunua kwa mawese. Nzuri, za kweli, na za kawaida. Shangazi yake alikuwa nazo kopo zima.

Akakiinua kioo. Akanyamaza. Na katikati ya kunyamaza kule, moshi wa tanuri la kwanza ukaingia dirishani ukamkera pua, na wazo likamjia.

"Korlekie," alisema taratibu, "hapo usichimbe tena."

"Kwa nini?"

"Hapo palikaa watu. Watu wa kale. Kitaalamu hizi zina miaka mia nne, na pengine ni makaburi. Ukiweka tanuri juu yao utawaoka wazee wa watu."

Padi alikuwa amejiandaa kwa matusi, lakini hayakuja.

"Miaka mia nne," alisema Korlekie. "Yaani kabla ninyi hamjashuka Mlimani?"

"Kabla sana."

"Watu walikuwa wanaishi pale. Kwenye uwanja wangu."

"Kitaalamu, ndiyo."

"Sema tena, mzee wangu, nisikie vizuri."

Akasema tena, tena kwa sauti, ili mkewe Mamle aliyekuwa jikoni asikie jinsi alivyommaliza mwanamke yule. Mamle alisikia. Alitoka akifuta mikono, akamtazama Korlekie akishuka mtelemko karibu anakimbia.

"Padi, umempa nini huyu?"

"Nimemzuia tanuri."

"Mtu aliyezuiwa haendi hivyo," alisema Mamle.

Jumamosi Padi aliitwa uani kwa Nene Kpabitey. Alidhani anaitwa kupongezwa. Akavaa mkufu wake. Alipofika akakuta mtaa mzima umekaa: mwalimu mkuu, mchungaji na mkewe, wazee wa koo, na mbele kabisa, amesimama badala ya kukaa benchi la nyuma, Korlekie na shanga zake nyekundu amezivaa shingoni. Pombe ya jini ilimiminwa chini kwa wahenga, wakaitwa kwa majina, kisha Nene akaamuru Korlekie aseme.

"Nene, na wazee wangu," alianza Korlekie, "tumeishi miaka yote tukiambiwa tulikuja na chumvi. Tulinyamaza kwa sababu hatukuwa na ushahidi. Sasa Mzee Padi mwenyewe, ambaye hakuna anayempinga kwa shanga, amesema kwamba uwanjani kwangu waliishi watu kabla ya wenye mji kushuka Mlimani. Mimi nimewaza, ni watu gani hao? Kama walikuwa pale kwetu, si ni sisi?"

"Baba yako alitoka Ada!" Padi aliruka. "Kila mtu alimwona!"

"Walimwona anarudi," alisema Korlekie. "Sisi hatukuja, mzee wangu. Tulirudi."

Watu wa chumvi walipiga makofi kule nyuma. Korlekie akaeleza anachotaka, kwa upole mkubwa. Hataki ugomvi. Anataka tu ukoo wake uhamie benchi la mbele, ukoo wa Nomoda usogee nyuma kwa heshima, na uwanja wa Mzee Padi, ambao bila shaka nao ulikuwa wa hao watu wa kale, utambuliwe kuwa ameazimwa. "Akae tu. Simfukuzi. Sisi watu wa kale tuna ukarimu."

Jasho lilimtoka Padi mpaka kwenye kitovu. Angeweza kusema palepale kwamba alidanganya. Lakini aliangalia nyuso zile, kila mmoja na umri aliompa yeye ukining'inia shingoni, akaona kinywa kinakataa. Akashika uongo wa pili kuuokoa wa kwanza.

"Nene, kuna jambo huyu mama halijui, kwa sababu si mtaalamu. Nyumba yangu iko juu, yake iko chini. Mvua inatelemka. Shanga zile zilitoka kwangu, zikaoshwa zikaanguka kwake. Watu wa kale walikuwa kwangu!"

Mnong'ono wa kuridhika ulipita kwenye benchi la mbele. Nene Kpabitey alipapasa shanga zake akifikiri.

"Basi rahisi," akasema. "Tuchimbe kwako."

Walikwenda wote. Vijana wawili wenye majembe waliulizwa waanzie wapi, na Korlekie akaonyesha palipobomoka kwa mvua, ambapo palikuwa chini ya veranda.

"Veranda yangu!" alilia Mamle. "Nimepaka saruji mwaka huu! Padi, si useme kitu?"

"Ni kwa ajili ya historia, mke wangu."

"Historia itakuja kukaa hapa na wageni wangu?"

Jembe la kwanza lilitoa mkaa. La pili likatoa vigae vya udongo vyenye vishimo vidogo mfululizo, kama trei ya kuchomea maandazi. Kisha vikaja shingo za chupa, za bia, za jini, za dawa, na unga wa kioo ulioganda ukawa jiwe. Kisha shanga. Si nyekundu. Za manjano, kubwa, zenye mstari wa kijani, nyingine zimeshikana mbilimbili, nyingine zimepasuka, nyingine zimelala upande kama andazi lililoshuka. Zilikuwa nyingi hata wakaacha kuokota wakawa wanazoa.

"Bodom!" mwalimu mkuu alisema. "Hazina nzima!"

Padi alipiga magoti. Alichukua mmoja, akaweka kioo jichoni, na safari hii hakunyamaza kwa makusudi. Mstari wa kijani ulianzia vizuri, ukazunguka, na ulipokaribia tundu ukapinda kushoto. Aliujua mpindo ule. Kila ushanga kwenye mkufu wake ulikuwa nao. Miaka yote alikuwa akiwaambia watu kwamba huo ndio mkono wa fundi mkuu wa kale, asiyejulikana jina.

Akachukua mwingine. Ndani ya manjano yake kulikuwa na kipande cha kioo cha buluu ambacho hakikuyeyuka vizuri, na juu yake zimebaki herufi mbili za chapa. Alizikumbuka herufi zile. Ni za dawa ya kikohozi aliyokuwa akinyweshwa utotoni.

Basi yakaanza kumrudia mambo aliyoyaona na asiyafikirie. Vidole vya babu vilivyokuwa na makovu ya moto. Babu alikuwa akisema aliungua na uji. Harufu ya mawese iliyomfuata hata kanisani. Ile kalibu ya vishimo, na vikonyo vya majani ya muhogo ambavyo yeye, Padi mdogo, alitumwa kuvikata kwa urefu sawa, akaambiwa ni dawa. Sasa alijua vilichomekwa kwenye unga wa kioo, vikaungua tanurini, vikaacha tundu. Na wale wageni waliokuja kwa babu wakiwa wamevaa vizuri, ambao babu aliwatembeza uani baada ya mvua, akasimama ghafla, akashtuka, akainama, akaokota ushanga wa kale juu ya udongo. Kila mgeni aliondoka akiamini ardhi ile inazaa. Zile nyekundu ndogo babu alizimwaga kwa mkono, kama mahindi ya kuku, ili udongo uonekane mkweli.

"Haya, mtaalamu," alisema Nene juu ya kichwa chake. "Zina miaka mingapi?"

Padi alinyanyuka. Magoti yake yalikuwa na tope na sauti yake ilitoka ndogo.

"Ni chupa, Nene."

"Nini?"

"Chupa. Hapa palikuwa tanuri. Babu yangu alikuwa anasaga chupa, anapika shanga, anazizika, kisha anaziokota mbele ya wanunuzi. Hizi ndizo zilizoharibika. Mkufu wangu huu ni wa hizi zilizofaulu. Hapakuwa na watu wa kale. Si kwangu, si kwa Korlekie."

Kisha, taratibu, kila mtu akawa anatazama shingo ya mwenzake. Mke wa mchungaji alivuta mtandio akafunika kifua. Mkono wa Nene Kpabitey ulipanda wenyewe kwenye shanga zake za manjano, zenye mstari wa kijani. Baba yake alizinunua mtaa huu huu, kwa mzee mmoja mwenye bahati ya kuokota.

Padi aliona mkono ule, na akaona mpindo wa kushoto kati ya vidole. Nene naye akaona kwamba ameona.

"Mzee ana jua kichwani," alisema Nene. "Mpeni maji."

"Nene, nasema kweli. Tazama, kuna hata herufi—"

"Mpeni maji na kivuli!"

"Jana alikuwa mzima," Korlekie aliwaambia watu kwa masikitiko. "Juzi alinisomea zangu vizuri kabisa."

"Ni uchovu," alisema mwalimu mkuu. "Kazi ya akili inachosha."

"Tumwombee," alisema mchungaji, na wakamwombea, mikono juu ya kichwa chake, huku yeye akisema chupa, chupa, mpaka walipofika amina. Mamle ndiye aliyemshika mkono akamkalisha juu ya kinu.

Hukumu ilitolewa palepale, kando ya shimo. Nene Kpabitey alisema imethibitika bila shaka kwamba mahali hapa ni pa kale sana, juu na chini. Kwa kuwa watu wa kale walikuwa kote kuwili, benchi la mbele litaongezwa urefu, na watu wa chumvi watakaa mwisho wake. Kwa kuwa watu wa kale nao, kama tunavyoona kwa mkaa huu, walikuwa na matanuri, hakuna mwiko wa tanuri, na Korlekie aendelee. Kuhusu zile za manjano, itaundwa kamati. Shimo lisifukiwe mpaka kamati ikae. Watu waliondoka wakicheka na kuongea kwa sauti kubwa, kama wanaotoka mazishini na kukuta marehemu hakuwa ndugu yao.

Kamati haijakaa hata leo. Veranda ya Mamle imebaki na shimo, na wageni wanapita juu ya ubao.

Watu waliendelea kumletea Padi shanga, wachache, mwanzoni. Aliwaambia alichokiona. Hii ni ya Wacheki. Hii ni ya hapa hapa, ya mwaka juzi. Hii ni plastiki, mama, nisamehe. Wakaacha kuja. Walihamia kwa Korlekie, ambaye wakati mikate inaumuka alizichukua shanga, akazitazama kwa kitako cha bilauri, akatamka umri kwa ukarimu wa watu wa kale. Hakuna aliyetoka kwake chini ya mia mbili, na wengi walitoka na mikate.

Alasiri moja Korlekie alipanda mtelemko na mkate wa moto chini ya kwapa. Alimkuta Padi ameketi ukingoni mwa shimo na chekecheke, anachekecha udongo.

"Mzee Padi, umeninunia mpaka lini?"

"Sijanuna. Nafanya kazi."

Alimpa mkate, akakaa. Kisha Korlekie alivua mkufu wake mwekundu akamwekea magotini.

"Kati yangu na wewe," alisema. "Bila Nene, bila watu. Hizi ni nini?"

Padi hakuhitaji hata kioo. "Hizi ni za kweli. Zilitoka Venisi zikavuka bahari. Babu alizinunua ili azimwage. Zaidi ya miaka mia moja, si mia nne. Lakini mtaa huu mzima, Korlekie, kwa ninavyojua, zako ndizo za kale kuliko zote. Ndizo pekee."

Korlekie alizichukua, akazishika vizuri zaidi kidogo kuliko alipozileta. Kisha akacheka mpaka machozi.

"Mia moja na kitu! Usimwambie mtu, tafadhali. Watasema nimevaa mpya."

Aliposhuka, Padi alirudi kwenye chekecheke lake. Alikuwa ameshapata nyingi, zilizopasuka na zilizoshikana, na alizipanga kwenye sinia kuanzia mbaya kabisa. Akatoa mmoja kwenye udongo, akautia mate, akaupangusa kwenye suruali. Mstari wake wa kijani ulizunguka wote bila kupinda, ukarudi ulipoanzia.

"Mamle! Njoo uone. Huu babu alipatia."

Mamle alivuka ubao kwa uangalifu, mwiko wa kusongea ugali wa banku mkononi. Aliuchukua ule ushanga, akauinua juani kama alivyomwona mumewe akifanya kwa miaka mingi, akauangalia ndani.

"Ni chupa gani?"

"Ya bia, nadhani. Na kidogo ya jini."

"Ni mzuri," alisema Mamle. Akaufunga kwenye pindo la kitenge chake na kurudi kukoroga, na Padi hakumwomba aurudishe.